Jiwe Ulilolipia Mahari

Mtumba, Dodoma
Jumatano

Kwako mwanangu Lazaro,

Wewe ni mjinga, na nimeanza na hilo ili usije ukasema nilikuficha. Mtu ana zizi la ng'ombe, halafu anakwenda kumposa mtoto wa watu kwa jiwe. Jiwe, Lazaro. Tangu nizaliwe nimeona mahari ya ng'ombe, nimeona ya mbuzi, na mwaka wa njaa nimeona mahari ya ahadi tupu, na ahadi ile ililipwa. Lakini baba wa kijana kufunga jiwe kwenye kitambaa, kuliweka mbele ya wakwe na kusema hili linatosha, hilo nimelisikia kwako wewe, mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe.

Basi, salamu sasa: mbukwa. Hamjambo huko? Eva mkeo mgongo unaendeleaje? Mvua imewafikia, au mnaitazama tu ikipita kwenda Kondoa? Uwele umetoa masuke? Mimi mzima. Goti la kushoto linauma nikipanda ngazi, na nyumba hii ya dada yako Rahel imewekewa ngazi mlangoni bila sababu yoyote ya maana, lakini nakula, nalala, na mtoto wake amenizoea. Anatembea sasa. Yeye humwita kila mtu bibi, hata fundi bomba.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu simu hupokei. Najua ukiona jina langu unaigeuza kifudifudi. Na hata ungepokea, huko kwetu simu ya mtu mmoja inasikilizwa na ukoo mzima, na neno hili sitaki limfikie mtu kabla yako. Mimi ni wa darasa la nne, mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka, vumilia. Wewe ulifika la saba, na ada yako niliipika kwenye pombe ya mtama mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Kwa hiyo soma mwenyewe. Usimpe Elia akusomee, maana habari hii inamhusu yeye kuliko wewe, na hajui bado kwamba baba yake amemwoza kwa changarawe.

Kile kigunia cha mlenda mkavu na karanga ulichotuma kwa basi kilifika salama. Nikamwaga mlenda kwenye ungo nikakuta kifundo cha kitambaa, na ndani ya kifundo lile jiwe dogo, ndugu yake lile kubwa ulilowapa wakwe zetu akina Ndahani. Jioni ukapiga, siku zile ulipokuwa bado unanipigia.

"Mama, litunze hilo. Ni almasi nyekundu. Nimeyatoa yote mawili korongoni nikichimba maji ya ng'ombe. Kwenye simu wameonyesha, duniani hakuna jiwe adimu kama hilo. Lile kubwa nimempa Mzee Ndahani, mahari ya Elia imekwisha. Mzee mwenyewe kafurahi. Ng'ombe wanakufa na ukame, Mama. Jiwe halifi."

Nikakuuliza nani kakwambia ni almasi. Ukasema, "Picha." Picha gani? "Picha ya simu, Mama, rangi ni ile ile." Nikakufokea, ukakata.

Lazaro, hata nyanya rangi ni ile ile.

Lakini sitasema uongo, jiwe lenyewe ni zuri. Asubuhi yake nilikwenda nalo dirishani, jua likaliingia, likawa kama kaa la moto lisilounguza. Nilisimama hapo nikiligeuza mpaka uji wa mtoto ukaungua. Nikawaza, labda. Maana Mungu akitaka kumpa mtu hamuulizi kwanza kama ana akili. Nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikamsubiri Anjela.

Huyo Anjela ni rafiki yake Rahel. Majengo yao ya kazi yanatazamana huku kwenye mji wa serikali. Rahel yeye ni mambo ya kupokea wageni na kuandika barua za wakubwa. Anjela ni mjiolojia, kazi yake ni miamba na madini, ameyasomea hapa nchini na ng'ambo. Ni Mhaya, mrefu, anacheka mpaka majirani wanajua yupo. Jumapili akitoka kanisani anakuja kula ugali wa uwele kwa mlenda. Anasema kwao ndizi zilimchosha angali tumboni.

Akaja. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko ofisini mnakula karatasi?"

"Tunakula vikao, bibi."

"Nawa mikono. Jiwe kwanza, chakula baadaye."

Nikafungua pindo. Akalishika, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatoa kwenye mkoba kioo kidogo cha kukuzia, maana yeye hutembea nacho kama wenzake wanavyotembea na rangi ya mdomo. Akatazama muda mrefu, jicho moja amelifumba. Rahel akaanza kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

"Bibi, umeambiwa hili ni nini?"

"Usiniulize nimeambiwa nini. Niambie ni nini."

Akavua pete yake ya uchumba, ina almasi nyeupe, ndogo kama kichwa cha pini. Akasema, "Pumulia hii, kama unavyopumulia miwani ukitaka kuifuta." Nikapumua. Mwanangu, ukungu haukukaa. Uliondoka kabla sijafunga mdomo. "Sasa pumulia hilo lenu." Nikapumua. Ukungu ukakaa. Ukakaa tu, kama dirisha la asubuhi mwezi wa saba.

"Almasi inameza joto upesi kuliko jiwe lolote," akasema. "Ukungu hauna pa kushika. Hii yenu ni ganeti, bibi. Nitaipima kesho kwenye mashine nikuhakikishie, lakini ni ganeti."

"Na ganeti ni nini?"

"Ni jiwe zuri. Watu wanalichonga na kulivaa. Ila makorongo ya kwenu yanayo. Mwenye subira anajaza kopo."

Kesho yake akalipima, jioni akarudi na jibu lile lile.

Hapo ndipo ningeishia na barua ikawa fupi, matusi machache na salamu. Lakini ile Jumapili nilimuuliza neno jingine, na tangu siku hiyo mimi si mtu yule yule. Tulikuwa tumeanza kula. Nikasema, "Basi hiyo almasi nyekundu wanayoitangaza kwenye simu, ipo kweli, au ni uongo wa vijana?"

Anjela akarudisha tonge sahanini. "Ipo, bibi." Na sauti yake ikashuka, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta wenzake wamepiga magoti.

Akaniambia almasi yoyote inazaliwa chini sana. Si chini ya kisima, si chini ya mgodi; chini ya shina la milima, mahali ambapo uzito wa dunia yote unakandamiza na moto hauzimiki. Halafu siku moja dunia inatapika, inatokea upenyo, na almasi zinapandishwa kwa kasi mpaka huku juu. Na ni za zamani hizo. Zamani ambayo, alisema, hapakuwa na jani juu ya nchi, wala mdudu, wala mnyama. Hapakuwa na jicho hata moja.

Nikamuuliza, "Sasa kama hapakuwa na jicho, na huko chini ni giza tupu, ilikuwa nyekundu kwa ajili ya nani?"

Akanitazama. "Bibi, hilo swali hata mwalimu wangu hakuwahi kuniuliza."

"Jibu."

"Sina."

Kisha akaniambia la wekundu wenyewe. Nisikilize hapa, Lazaro, usirukeruke mistari. Almasi ya njano, ukiichunguza, kuna kitu kimechanganyika nayo kikaipa rangi. Ya buluu vilevile, kuna kitu. Mimi nilidhani nyekundu nayo imetiwa kitu, kama tunavyotia ngeu, ule udongo mwekundu, kwenye ngozi. Kumbe sivyo. Wataalamu wameitafuta ile rangi ndani yake hawakuikuta. Ni almasi tupu, haina mchanganyiko. Wanachoona ni kwamba ilibanwa. Ilibanwa huko chini mpaka mwili wake ukapinda ndani kwa ndani, na kule kupinda ndiko kunakofanya mwanga ukiingia utoke mwekundu. Na hata hilo hawajamaliza kulielewa.

Nikamwambia arudie. "Haikutiwa rangi?"

"Haikutiwa, bibi."

"Ilibanwa tu."

"Ilibanwa tu. Na haikuvunjika."

Nikasukuma sahani. Rahel akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nyamaza, nasikiliza.

Anjela akasema nyingi zilizobanwa hutoka za kahawia, na watu hawazitaki sana. Chache hutoka za waridi; hata huko Shinyanga kwenye almasi zetu hutokea ya waridi mara moja moja, na mashine zinasimama watu waje waone. Lakini nyekundu yenyewe, nyekundu isiyo na ubishi, mtu anaweza kuchimba almasi tangu ujana mpaka mvi na asiione. Kulikuwa na mgodi mmoja nchi ya mbali uliokuwa ukitoa nyingi kuliko kwingine, na huo nao ulikuwa ukitoa kidogo kidogo tu, na sasa umefungwa.

Kisha akanishika mkono, akafungua kiganja changu. Unakijua kiganja changu, kimepasuka kwa jembe kama tope la mbuga. Akasema, "Bibi, zile nyekundu kweli kweli zinazojulikana, za dunia nzima, za wafalme na za matajiri, ukizikusanya zote zinaenea hapa. Kubwa kuliko zote ni kama punje ya hindi. Nyingine ni punje za uwele."

Nikatazama. Nilikaa na kiganja wazi, naona haya kukifunga, kama vile kuna kitu kitamwagika.

"Wewe umewahi kuishika?"

"Nani aniruhusu, bibi? Niliiona mara moja nikiwa masomoni. Ilikuwa ndani ya kioo, na mlinzi huku, mlinzi kule. Watu wamepanga foleni, hakuna anayezungumza. Nikafika mbele nikaona kitu kidogo, kama tone la damu ya mtu aliyejichoma na mwiba, ila ndani yake kuna taa. Mimi niliyesoma vitabu vyake vyote. Nikalia, mbele ya wazungu."

"Ulilia nini?"

"Mpaka leo sijui."

Rahel akacheka. Nikamwambia akacheke nje.

Mwanangu, mimi huku nimeonyeshwa mambo. Nimeonyeshwa majengo ya wizara yenye vioo vitupu, barabara pana kuliko mto wetu ukifurika, taa zinazojiwasha zenyewe. Nilisema vizuri, hongereni, nikaenda kuosha vyombo. Ni kazi za watu, na watu wakiwa wengi wakalipwa, watajenga. Lakini hii punje ilinikalisha kitako. Kila asubuhi nikichambua uwele naitoa punje moja naiweka kiganjani, naiwazia ni nyekundu na ina taa ndani, na dunia yote imeilalia na haikuvunjika. Mungu alifanya kitu kizuri kupita vyote, akakifanya kidogo, akakifukia gizani, akakaa kimya. Mtu ukifanya kitu kizuri unaita jirani aje aone. Yeye hakuita. Nimeomba nisife kabla sijaiona moja. Kuipata sitaki, ningeiweka wapi? Kuiona tu.

Sasa rudi kwako. Wewe ulisikia kwamba duniani hakuna kitu adimu kama hicho, ukainama ukaokota. Hukujiuliza. Kama kinaokotwa na mtu anayechimba maji ya ng'ombe, kikubwa kakipeleka ukweni na kidogo kakitia kwenye mlenda wa mama yake, uadimu wake uko wapi? Sikulaumu kwa kutokujua ganeti, hata mimi sikuijua. Nakulaumu kwa kuona kitu kikubwa hivyo na kukifanyia haraka. Kitu kikubwa hutazamwa kwanza.

Na tuseme ingekuwa ya kweli. Bado si mahari. Ungeikata vipande umpe mjomba wa huyo bibi arusi Nyemo kipande, na shangazi yake kipande? Kaka yake Nyemo anasubiri ng'ombe hao hao naye akaoe. Angekwenda kuoa na nini, na picha ya simu? Ng'ombe wa mahari anatembea, Lazaro. Anatoka kwetu anafika kwa Ndahani, mwingine anapelekwa kwa mjomba wa binti, mwingine anamwoza kaka. Anazaa. Na miaka baadaye mtu anamnyooshea kidole ndama wa ndama akisema, huyu ni wa Nyemo. Ndivyo mtoto wa kike anavyokumbukwa kwao akishaondoka. Jiwe limekaa ndani ya kabati watalinyooshea kidole gani?

Unasema ukame. Ukame tumezaliwa nao. Ndiyo maana baba yako hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Huyu kwa rafiki yake kule Bahi, yule kwa shemeji kule Chemba, ili jua likipiga hapa kule wabaki. Ulimsindikiza mwenyewe kuwapeleka. Dawa ya ukame ni watu, na wewe umechukua watu hao hao unaotaka kuwa ndugu zao ukawapa mchanga.

Elia mwenyewe alipokuja kuvuna zabibu Makutupora alilala hapa siku mbili tatu. Kijana ambaye huko nyumbani ukimuuliza jambo anajibu kwa kichwa, hapa hakunyamaza. Nyemo hivi, Nyemo vile. "Bibi, yeye anacheka kabla sijamaliza utani." Nikamwambia labda utani wako anaujua. Akasema, "Hapana, bibi, anafurahi tu." Pesa ya zabibu amenunulia kitanda. Kiko hapa barazani kimefungwa kamba, Rahel anakikwepa akipita.

Sasa sikia linalonifanya niandike leo na si kesho. Jana Mzee Ndahani alinipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mnaendeleaje?"

"Salama kabisa. Mama, Jumatatu nakuja mjini na ule mzigo wetu. Nimesikia wanunuzi wa mawe wapo huko. Naomba kulala kwenu." Kisha akasema, "Mama, mmetuheshimisha sana. Hapa kijijini hakuna aliyepewa mahari kama yetu."

Lazaro, nilimkimbia mzee wa watu. Mimi. Nilimwambia karibu, kisha nikasema mtoto analia, nikakata. Mtoto alikuwa amelala.

Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia, kwa sababu aliyeweka jiwe ndiye wa kuliondoa, na neno kama hilo halisemwi kwenye simu na bibi wa bwana arusi. Lakini akifika huku atalifungua mbele ya wafanyabiashara, watu wazima, na watacheka. Mzee yule atasimama katikati ya kicheko na kofia yake mkononi. Akirudi kijijini atasema tulijua. Nani atamwamini Elia wetu tena, na binti atakaa nyumba ya nani? Jina la baba yako lipo kaburini, haliwezi kutoka kwenda kujitetea. Una mpaka Jumapili.

Barua hii anakuja nayo kondakta wa basi la asubuhi, nimempa na nauli ya maneno, yaani nimemwambia akiipoteza namjua mama yake. Msalimie Eva, mkwe wangu, mwambie mgongo ausinge kwa mafuta ya moto na asikubali kubeba ndoo wakati wewe umekaa. Msalimie mama yako mdogo Dina, wa kwaya, mwambie kikohozi kisimzuie kuimba, kimzuie kusengenya tu. Msalimie mwinjilisti wetu. Mshenga wetu, Mzee Chilewa, msalimie kwa heshima, na uombe radhi kwake kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ulimtuma akaseme maneno yasiyo kweli naye hakujua. Elia mwambie bibi yake anampenda, na kitanda kinatunzwa.

Ni mimi mama yako,
Damari

Nimeweka jina hapo juu makusudi, ili ujue yaliyo juu yake ni habari na haya ya chini ni amri.

Ijumaa asubuhi toa ng'ombe wote tuliokubaliana kwenye kikao cha kwanza, asipungue hata mmoja, na usiwachague waliokonda. Ongeza mtamba mmoja wa aibu yako. Nenda na Mzee Chilewa. Elia abaki nyumbani. Nyuma ya ng'ombe swaga wewe mwenyewe, kwa miguu, mchana, upite katikati ya kijiji chao watu wakuone. Ukifika usikae kwenye kiti kabla hujasema kwa kinywa chako kwamba ulikosea, kwamba jiwe ni ganeti na hukujua. Ukirudishiwa lipokee kwa mikono miwili, kisha mpe Nyemo kama zawadi, maana ni zuri na halina kosa. Na ukimaliza usinipigie wewe. Mpe simu Mzee Ndahani anipigie yeye, nimsikie sauti.